Behewa Namba Sita Lisiishe

Jumamosi, 5 Aprili

Msiba. Behewa namba sita, lile bovu tunalolikarabati, linakaribia kwisha.

Karakana nzima ya reli yetu ya zamani inashangilia. Mzee Tecwyn, mkuu wetu sisi tunaojitolea, ametangaza kwamba Jumamosi ya Pasaka litavutwa na injini ya mvuke, likiwa na abiria wa kweli. Bi Meinir, anayeshona viti, amelia akajifuta kwa kitambaa cha kiti. Babu Idwal ametabasamu, akaendelea kung'arisha kitasa chake.

Mimi peke yangu ndiye ninayeona hatari. Bibi Eluned alipofariki, babu alikaa dirishani majira yote ya baridi. Redio imezimwa. Chai inapoa mkononi. Mpaka Mzee Tecwyn alipokuja kugonga mlango, akamwambia, "Inuka we mvivu, kuna behewa linaoza." Tangu hapo babu huimba akinyoa ndevu. Behewa likiisha, je? Dirisha tena!

Kwa hiyo lisiishe. Nimesoma vitabu vingi, siwezi kushindwa na jambo dogo kama hili. Leo nimeanza. Kitasa kimoja cha shaba kimo ndani ya soksi yangu.

Nimerudi nyumbani nikichechemea. Babu akauliza mguu una nini. Nimesema ninakua.

Jumapili, 6 Aprili

Osian! Sijui kwa nini Mungu alimuumba Osian, tena akamweka darasani kwangu, na karakanani pia.

Kitasa kilipokosekana, wote walihangaika. Bi Meinir alipekua mpaka kopo la biskuti. Nilianza kuhesabu wiki tulizookoa. Ndipo Osian akasema msijali, mjomba wake ana kiwanda cha kuyeyusha shaba. Kufikia jioni amerudi na kitasa kipya. Wamempigapiga mgongoni. Mzee Tecwyn amemwita kijana wa dhahabu. Kitasa chenyewe ni cha shaba tu.

Mimi hakuna aliyenipigapiga popote.

Jumamosi, 12 Aprili

Mpango wa pili, wa kisomi zaidi.

Nilingoja wakati wa chai. Nyama ilikuwa inakaangwa kwenye beleshi la makaa, ndani ya tanuri la injini, na kila mtu alikuwa na furaha. Nikakohoa. Nikasema kwamba nimesoma mahali kuwa zamani mabehewa yetu hayakuwa ya kijani. Yalikuwa na rangi ya damu ya mzee.

Ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote tangu nijiunge. Mzee Tecwyn aliacha mkate hewani. Behewa zima tumelipaka kijani, mara tano!

Wakachukua msasa, wakakwangua nguzo ya mlango. Kijani. Chini yake damu ya mzee. Chini yake kijani tena. Ushindi! Nikajua hapa watabishana mpaka Krismasi.

Babu akasema ubishi wa nini, yeye na Eluned walipanda behewa hilihili wakiwa wachumba, na lilikuwa kijani. Mzee Tecwyn akamjibu, "Idwal, siku ile macho yako yalikuwa kwa Eluned. Hata wangekupakia kwenye pipa usingejua!"

Watu wakacheka. Babu hakucheka. Alivaa kofia yake, akaondoka bila kumaliza chai.

Jumatatu, 14 Aprili

Likizo imeanza. Babu hakwenda karakanani. Yuko dirishani. Redio imezimwa.

Nimemletea chai. Imepoa.

Nimeyafanya haya kwa mdomo wangu mwenyewe, mdomo ambao kwa kawaida haufanyi chochote.

Mpango wa tatu, wa dharura. Nimemwambia babu kwamba Mzee Tecwyn anaomba radhi. Akasema basi aje mwenyewe. Nikakimbia kwa Mzee Tecwyn, nikamwambia babu anaomba radhi. Akasema basi aje mwenyewe. Halafu akanitazama sana, akauliza, "Wewe Heledd, tangu lini umekuwa msemaji?"

Nimerudi nyumbani. Tumekaa dirishani wawili.

Jumatano, 16 Aprili

Nilikuwa ninamshikia Bi Meinir kitambaa, machozi yakadondoka kwenye kiti cha daraja la kwanza. Bi Meinir alisema tu, pini zikiwa mdomoni, "Kwani behewa lina ubavu mmoja?"

Akatema pini, akapiga simu mbili. Hakubembeleza mtu. Alisema rangi inakauka koponi na yeye si mtumishi wao.

Wamekuja. Babu amebaki na ubavu wa kijani unaotazama stesheni. Mzee Tecwyn amepaka damu ya mzee ubavu wa upande wa mto. Asubuhi nzima walipeana msasa kupitia dirishani bila kutazamana. Baadaye nikamsikia Mzee Tecwyn akiuliza Eluned alivaa kofia ya rangi gani siku ile.

Babu akasema buluu, yenye utepe mweupe, na utepe ulikuwa umelowa mvua.

Mzee Tecwyn akachovya brashi, akasema, "Haya, ndugu yangu. Huenda lilikuwa kijani." Lakini hakuacha kupaka.

Jumamosi, 19 Aprili

Limeondoka! Moshi, filimbi, watoto wanapiga kelele. Mtalii mmoja amelalamika kwamba akiwa stesheni aliona behewa la kijani likienda, na akiwa ng'ambo ya mto akaona jekundu likirudi, akamtaka Osian aeleze. Osian hakuweza. Siku nzuri sana.

Babu alikaa karibu na dirisha, akaiacha nafasi ya pembeni yake tupu. Tulipofika darajani akaigonga kwa kiganja. Nikaenda kukaa. Alinionyesha mahali mvua ilipoanza, siku ile.

Sasa behewa limekwisha. Ninaogopa kesho.

Jumapili, 20 Aprili

Baada ya kanisa Mzee Tecwyn alikuja na gari, akatupeleka shamba moja mlimani. Ndani ya uzio wa nyavu za kuku kulikuwa na behewa jingine. Kuku walikuwa wamelala kwenye viti. Paa lilikuwa limetoboka, sakafu haikuwepo. Wazee wawili wamelizunguka kama watu wanaochagua ng'ombe. Mzee Tecwyn amesema kazi hii ni ya miaka kumi. Babu amesema, "Kumi na miwili, ukiwepo wewe." Walikuwa wanalivizia tangu Januari!

Wakati Mzee Tecwyn anapatana bei na mwenye shamba, babu akanishika bega. Akasema nyumbani kwetu anayefua soksi ni yeye. Kitasa amekwisha kukirudisha mahali pake, na kile cha Osian kimekwenda mlango wa choo. Akasema, "Mjukuu wangu, ukiona naelekea dirishani, niambie tu twende tukatembee. Usiniibie behewa."

Nimelia. Nimeapa. Kuanzia leo hakuna mipango, ni ukweli mtupu.

Kisha Mzee Tecwyn akainua kuku mmoja, na chini yake, kwenye majani, kulikuwa na kitasa cha shaba. Ndicho pekee kilichobaki katika behewa zima. Akanikabidhi, akasema nikitunze vizuri, maana bila hicho hatutajua vingine vilikuwaje.

Miaka kumi si mingi ukifikiri vizuri.

Nimekitunza. Ninachechemea kidogo tu.