Jogoo Katika Wimbo wa Baba

Jumatatu, 20 Mei
Albamu ya dada yangu Dreama imetoka! Banjo, fidla na hasira tupu. Wimbo mkali kuliko zote ni wa baba, aliyekufa mapafu yamejaa vumbi la makaa ya mawe. Kila kiitikio kinaitaja kampuni ya mgodi kwa jina. Dreama anataka wachimbaji wausikie. Lakini bonde zima hili linakula mkononi mwa kampuni! Nikamwambia wasikilizaji aniachie mimi. Akasema, Delmas, usiguse kitu. Kana kwamba hanijui.

Jumatano, 22 Mei
Burl wa redio kakataa. Eti wimbo umemliza, ila matangazo yake yanalipiwa na nani? Nikapata akili! Nimemrekodi jogoo wa jirani, nikambandika kila panapotajwa kampuni. Burl kacheka mpaka kakohoa. Anasema huo hata mchungaji ataupenda. Dreama sijamwambia.

Ijumaa, 24 Mei
Unapigwa kutwa! Watoto wanawika. Mchungaji anawika. Kampuni yenyewe inautaka kwenye pikiniki yake! Dreama, ambaye hana redio, kaniuliza mbona watu wanamwikia dukani. Nikamwambia ni mapenzi tu.

Jumamosi, 25 Mei
Balaa. Chakula cha jioni cha kuchangisha pesa za kikosi cha zimamoto, maharage na mkate wa mahindi, ukumbi umefurika. Dreama kaimba wimbo wa baba. Alipofika kwenye jina la kampuni, ukumbi mzima: kokorikooo! Kwa upendo kabisa. Mama peke yake hakuwika. Dreama akashusha banjo, akauliza taratibu ni nani aliyemweka kuku juu ya kaburi la baba. Burl akanitazama. Wote wakanitazama. Mdomo wangu ulikuwa umejaa mkate.

Jumapili, 26 Mei
Nimempelekea Dreama pai ya tufaha. Hakufungua mlango. Akasema kutoka ndani kwamba baba alikata roho akilitaja jina lile, na mimi nimemziba mdomo hata akiwa maiti. Nikakaa kwenye ngazi zake nikalia. Najuta, najuta kweli.

Jumatatu, 27 Mei
Siku ya kusafisha makaburi. Nimeng'oa majani kwa baba, nikamwomba radhi kwa sauti. Kisha nikawaza sana, na kosa langu nimeliona: jogoo anachekesha. Wimbo wa msiba unataka mnyama mwenye huzuni. Burl ana ng'ombe aliyefiwa na ndama wiki hii. Kesho naenda kumrekodi.