Daraja Lililomalizika Jana

Jumatatu, 6 Mei

Mchomeleaji kahamishwa! Asubuhi tu, hata kuaga sawasawa hakuaga. Kapelekwa kwenye mradi wa ng'ambo ya mto, yeye na mitungi yake na ile miwani nyeusi. Msimamizi anasema kule vyuma ni vingi kuliko huku. Na huku watu je?

Kwa atakayesoma haya baada yangu: sisi ni mafundi na vibarua. Tunajenga jengo refu, tunalala mabwenini, makwetu ni mbali. Jioni, baada ya kula, tulikuwa na mchezo wetu pale bwaloni, meza ya dirishani. Mmoja ni Msimulizi. Anabuni nchi nzima kichwani, yenye misitu, ngome, wachawi na majoka. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya nchi hiyo. Msimulizi anasema kuna mlango. Wao wanasema wanaufanya nini. Jambo likiwa gumu, inarushwa dadu yenye pande ishirini. Ikitoka namba kubwa umeweza, ikitoka ndogo pole yako. Ndiyo yote. Mtu mzima akielezwa mara ya kwanza anacheka. Mara ya pili anavuta kiti.

Na Mchomeleaji alikuwa Msimulizi hasa! Akisema maji yanadondoka pangoni, mimi nasogeza miguu isilowe. Sauti hakupandisha hata siku moja. Alikuuliza tu unafanya nini, halafu akakutazama kana kwamba dunia nzima mwenye jibu ni wewe. Nimemchunguza tangu nije huku. Sijagundua siri yake. Ninavyoona mimi, ni zile nyusi.

Mfuko wa dadu kamwachia Mpishi, na maagizo: Jumapili atakuja kuchukua sanduku lake la zana. Dadu zitakuwa za yule atakayemkuta amewakalisha watu mezani mpaka wakasahau chai.

Shemeji alinyoosha mkono. Nikamwahi, mfuko nikauchukua mimi. Nilikuwa nimeshahamia karibu na Mpishi kitambo, nikamsugulia na lile sufuria kubwa. Hiyo inaitwa mikakati.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, ndiye aliyenitafutia kazi hii. Anaendesha kreni. Kazini yuko juu yangu mbinguni kule, ananiona hata nikikuna mgongo. Nyumbani yuko juu yangu kwa sababu ya dada yake. Akipata na dadu, atakuwa juu yangu hata kwenye nchi ambayo haipo. Haiwezekani!

Jumanne, 7 Mei

Siku nzima nimechanganya zege huku nabuni. Mipango nimeiandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Imekamilika, haina pengo. Mashujaa watavuka daraja. Watakutana na joka. Joka litawashinda. Hapo atatokea Simba wa Chuma, shujaa mrefu, mtanashati, amevaa chuma toka utosini mpaka kisigino, naye atawaokoa wote. Simba wa Chuma ni mimi.

Nikamtumia Mchomeleaji ujumbe wa sauti. Swali: Msimulizi anaruhusiwa kuwa na shujaa wake mwenyewe? Akajibu kwamba anaruhusiwa, kama vile mpishi wa bwalo anavyoruhusiwa kula chakula chote peke yake.

Basi. Ruhusa nimepata.

Jumatano, 8 Mei

Balaa!

Tulianza vizuri. Shemeji na upanga wake. Fundi Umeme na mchawi wake wa radi, ambaye kila akiona kitu anataka kukiunguza kwanza, maswali baadaye. Mpishi na mwizi wake wa kufuli. Mpishi ni mtu mzima, mpole, anakuja akishaosha vyombo, na tangu aingie mchezoni mwizi wake hajaiba hata sindano. Ikifika zamu yake anasema, "Napita."

Nikawafikisha kwenye daraja. Nikataka kulipamba. Nikasema ni daraja jipya, la zege, linang'aa, mafundi wa mfalme wamelimaliza jana.

Wote wakainua vichwa. Nikadhani wamevutiwa.

Fundi Umeme akauliza jana saa ngapi. Nikasema jioni. Shemeji akauliza mbao za kushikilia bado zipo chini au zimeshatolewa. Nikasema zimetolewa, ili lipendeze. Wakatazamana. Shemeji akaweka upanga chini, akasema yeye havuki zege la jana hata akifukuzwa na majoka saba, na aliyetoa zile mbao akamatwe.

Nikawakumbusha kwamba hii ni hadithi. Fundi Umeme akanijibu kwamba hadithi sawa, lakini zege ni zege, bwana wee.

Wakapiga kambi ukingoni! Jioni nzima! Mashujaa watatu wamekaa wanasubiri daraja likauke. Na Mpishi, ambaye hajawahi kusema zaidi ya "Napita", akauliza nani analimwagilia maji lisipasuke. Wakapanga zamu. Wakachota maji mtoni kwa kofia za chuma.

Nikaona nimwahishe Simba wa Chuma. Akatokea ng'ambo, juu ya farasi mweupe, akapita katikati ya daraja kuwaonyesha waoga hawa kwamba ni salama. Shemeji akasema hapo lazima dadu irushwe. Nikarusha. Ikatoka moja.

Daraja likashuka na Simba wa Chuma. Nikasema anajua kuogelea. Shemeji akauliza, kwa upole tu, na lile chuma lote mwilini?

Wamemzika vizuri. Fundi Umeme alitoa hotuba. Kisha wakaanza kulijenga daraja upya, kwa mawe safari hii, na mimi nikatumwa kokoto. Mimi! Msimulizi!

Alhamisi, 9 Mei

Mgongo unauma. Leo tumepandisha mifuko ya saruji mpaka juu kabisa.

Swali kwa Mchomeleaji: Wakikataa njia uliyowaandalia, unawafanyaje? Akajibu kwa swali, kama alivyo. Wewe unapenda kuburutwa?

Nimefikiri sana. Nimemwelewa. Anasema wasiburutwe wakajua. Kwa hiyo nimetafuta boksi la biskuti, nimelikata, nitalisimamisha mbele yangu kama ukuta. Dadu nitarushia nyuma yake. Namba nitasoma mimi. Simba wa Chuma, imebainika, ana pacha.

Ijumaa, 10 Mei

Saa nzima ilikwenda kama maji. Wakajificha majambazi wasiwaone, nikasoma namba ndogo, wakaonekana. Majambazi wakarusha mishale, nikasoma kumi na tisa, ishirini, kumi na tisa. Fundi Umeme akasema wamefundishwa na nani hawa, mbona hawakosi? Mchawi wake akawa hoi. Pacha alikuwa ameshatandikiwa farasi.

Ndipo mtu akawasha feni.

Boksi likaruka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetangaza ishirini. Dadu iko pale mezani mbele ya macho yote, inasema tatu.

Nikasubiri matusi. Fundi Umeme alishafungua mdomo. Lakini Shemeji akainama, akaliokota boksi, akalirudisha mbele yangu taratibu, kama anavyotua nguzo. "Endelea, shem," akasema.

Afadhali angenitukana.

Niseme ukweli, maana hapa niko peke yangu. Kwa kreni yule bwana hana mpinzani. Anachukua nondo mzigo wa lori, anazipitisha juu ya vichwa vyetu, na anazilaza chini bila kuamsha vumbi. Nimeona mafundi wakiacha kazi kumtazama. Nimemtazama na mimi. Simpendi, lakini nimemtazama.

Wakaondoka mapema. Chai waliinywa yote.

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu kapiga simu. Ameshapata habari za boksi! Kaka mtu kamhadithia kila kitu. Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Kisha akasema binti yetu sasa anasoma. Anasoma kila kinachopita mbele yake, mabango, makopo, mifuko ya sukari, kwa sauti, mpaka majirani wamechoka. Nilimwacha hajui kushika kalamu.

Akauliza narudi lini. Nikasema jengo likiisha. Akauliza lini litaisha. Nikasema mtandao unakatika.

Nimeandika upya mpango wa kesho. Joka kali zaidi. Pacha mrefu zaidi.

Jumapili, 12 Mei

Amekuja! Kakaa pembeni na sanduku lake la zana miguuni, kama abiria. Mpishi akaweka birika mezani, akamimina vikombe, akaketi.

Wakavuka daraja lao. Walilijenga vizuri, siwezi kulaumu. Upande wa pili nikawawekea joka. Nikalieleza vizuri, magamba, moshi, kucha. Fundi Umeme akapandisha mikono ya shati, radi iko tayari. Shemeji akachomoa upanga. Mimi mkono mmoja uko kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, pale panapoanzia pacha.

Mpishi akasema, "Ngojeni kwanza. Hili joka limekula?"

Nikatazama karatasi. Habari za kula hazikuwemo. Nikaigeuza. Nyuma kuna maelezo ya kuchanganya saruji. Nikamtazama Mchomeleaji, naye akatazama dirishani.

Nikasema halijala.

Mpishi akauliza kwa nini, na huku limejaliwa meno yote hayo. Nikasema ni kwa sababu limewekwa kulinda hapa, na hapa hakuna mawindo. Nani kaliweka? Mfalme. Aliliambia ni kazi ya muda mfupi tu. Kwao wapi? Nikasema kwao ni nyuma ya milima ile. Sikujua kwamba kuna milima mpaka niliposema.

Shemeji akauliza limeacha nani kwao.

Nikasema lina kitoto. Lilikiacha hakijui hata kukunjua bawa. Na sasa linasikia kwa wapita njia kwamba kinaruka. Kinaruka juu ya kila paa, mpaka majirani wamechoka. Na lenyewe halijakiona kikiruka hata mara moja.

Sauti yangu ikafanya kitu. Labda vumbi la saruji. Feni ilikuwa imezimwa, hakuna aliyesogea. Fundi Umeme, mtu wa kuunguza kila kitu, ameshusha mikono anatazama meza.

Shemeji akaurudisha upanga alani. Akauliza, joka likiondoka, nani atalinda daraja? Nikasema hakuna. Akafikiri. Akasema basi atabaki yeye. Amezoea kukaa peke yake juu, akiangalia wenzake.

"Nenda nyumbani, shem," akaliambia joka. "Mimi nipo."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Mpishi akalifungia chakula cha njiani. Mwizi wake, kumbe, alikuwa na nyama kwenye mkoba tangu siku ya kwanza. Fundi Umeme akasema radi zake zitalimulikia njia juu ya milima. Nikawaambia mabawa yamekaa siku nyingi bila kazi, huenda yamekufa ganzi. Lazima dadu. Nikalisukuma boksi la biskuti pembeni, nikampa Mpishi arushe mwenyewe. Ikazunguka, ikagonga birika, ikasimama. Kumi na nne.

Likaruka. Fundi Umeme akapiga meza kwa viganja viwili. Mpishi akajipangusa macho na kona ya aproni, akisingizia mvuke wa chai. Mvuke gani? Chai ilikuwa baridi kama maji ya mto.

Mchomeleaji akainuka na sanduku lake. Akashika kikombe kimoja, akakirudisha. Akaniambia nimeona sasa, leo sikuburuta mtu. Kisha akaondoka, na mfuko wa dadu akauacha pale pale, mbele yangu.

Nimejaribu zile nyusi kwenye kioo. Naziweza.

Jumatatu, 13 Mei

Msimulizi! Rasmi! Kwenye foleni ya chakula Fundi Umeme kanipisha nitangulie. Shemeji katelemka kwenye kreni wakati wa mapumziko, kaja mpaka kwenye mashine yangu ya zege, kaniuliza jana niliwezaje. Yeye! Kaniuliza mimi! Nikamwambia yote yalikuwa kwenye mpango tangu mwanzo, hata lile swali la chakula. Akatikisa kichwa, akasema basi nina akili kuliko alivyomweleza dada yake.

Somo nimelipata. Mchezo unataka mpango imara. Kuanzia leo kila jioni kutakuwa na joka, na kila joka litakuwa na kitoto, na kila kitoto kitakuwa mbali. Nimemwandikia Mpishi kwenye kipande cha mfuko maneno ya kusema na wakati wa kuyasema, na pale anapotakiwa kujipangusa macho nimepigia mstari. Kasoma, kakikunja, kanipa sufuria nisugue. Nadhani amekubali.

Boksi la biskuti nimelipigilia mezani kwa misumari. Feni sasa iwake inavyotaka.

Nimemtumia Mchomeleaji swali moja la mwisho: pacha wa Simba wa Chuma anaruhusiwa kumuoa binti wa mfalme kabla wengine hawajafika? Hajajibu. Mtandao wa ng'ambo ya mto si mzuri.

Wanakuja, nasikia viti. Mwanzo wa leo nimeuandika vizuri sana, sijawahi kuandika vizuri hivi. Mbele yao kuna mnara, mrefu kuliko yote duniani. Pacha yuko kileleni anawasubiri. Wataupanda wote kwa pamoja, na uzuri ni kwamba ni mpya kabisa, umemalizika leo asubuhi.