Mtego wa Bata Aliyevaa Soksi

Jumatatu, 3 Machi
Kadi mia nane na kumi na mbili. Miaka ishirini na sita ya kukusanya misemo ya Kiingereza na kuipa maana kwa Kiswahili safi. Zote zimo katika sanduku la viatu. Mkutubi amesema ataiweka kazi yangu rafuni, ila si ndani ya sanduku la viatu. Anataka kitabu kilichopigwa chapa. Macho yangu hayawezi tena. Hata hivyo nashukuru: hakunicheka.

Jioni nimefungua sanduku. Mimi hufunga kamba mafundo mawili. Leo nimekuta moja! Kuna mkono umepita humu.

Najua wa nani. Jirani yangu Karani, mpiga chapa mstaafu wa mahakama, naye mpenzi wa misemo. Juzi aliniuliza kwa nini Waingereza wasema marehemu ameipiga ndoo teke. Nilimjibu akatafute mwenyewe kama nilivyotafuta mimi. Akasema asante, mwalimu. Mtu asiye na hila hashukuru kwa jibu kama lile.

Jumanne, 4 Machi
Watunga kamusi wa zamani walikuwa na mtego. Waliingiza neno moja la uongo. Wakilikuta katika kamusi ya mwingine, mwizi amepatikana.

Nimetunga msemo: kumvika bata soksi. Maana: kumtendea mtu wema asiouomba, tena kwa siri. Hakuna Mwingereza aliyewahi kuusema. Nimeuandika kwa Kiingereza chenye sura ya kale, nikauweka mwisho wa sanduku. Mke wangu akauliza nacheka na nani. Nikasema na wazee wenzangu. Nilikuwa peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeaga kwamba nakwenda kung'oa jino. Nikazunguka nyuma, nikajificha stoo. Mke wangu akapita, akaona mlango umeegeshwa, akaufunga kwa ufunguo. Saa mbili nzima na gunia la vitunguu!

Nikamsikia Karani sebuleni. Akamwambia shemeji yake, yaani mke wangu, kwamba leo anamaliza sanduku, ila mzee asijue kitu. Mke wangu akacheka, akasema mzee huyo hajui hata miwani yake iko wapi. (Ilikuwa kichwani.) Kisha akammiminia chai. Kwa mlio wa kijiko nilitambua kikombe changu.

Kikulacho ki nguoni mwako!

Ilinibidi nibishe nifunguliwe. Nikaeleza kwamba nilikuwa nawinda panya. Mke wangu akanitazama macho yanavyochuruzika machozi, akasema basi, panya mkubwa amepatikana, aje ale.

Nimekula. Chakula kilikuwa kizuri, nashukuru. Sikumwambia hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya kikao cha wasomaji maktabani. Nilikwenda na hotuba ya mashtaka, kurasa nne. Karani akaomba kuanza. Akasimama, akakohoa, akasoma: kumvika bata soksi.

Niliruka kama panzi. Nikamwita mwizi. Nikatangaza mbele ya watu kumi na wanane kwamba msemo huo haupo, niliutunga mwenyewe Jumanne, huo ni mtego, na mnyama yumo!

Karani akaweka mezani kitabu chenye jalada la kijani. Juu yake jina langu, kwa herufi kubwa. La kwake halikuwapo popote. Mke wangu ndiye aliyemwomba, alipoona nasoma kadi huku nimeishika juu chini. Wiki sita alikuwa akipiga chapa sebuleni kwangu kila nilipotoka. Akasema ameanza na msemo ule kwa sababu ndio uliomgusa kuliko yote.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo mkutubi akauliza kwa upole: mwalimu, na ile mingine, mingapi umeitunga? Maana rafu yake haikubali kitabu chenye uongo. Miaka ishirini na sita, nami nimeizamisha kwa ulimi wangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Karani ameniokoa. Bila kuombwa, amekaa maktabani siku mbili na kamusi kubwa, akakagua msemo mmoja mmoja. Mvua inayonyesha paka na mbwa: ipo. Chungu kisichochemka kikitazamwa: kipo. Ndoo pia. Misemo mia nane na kumi na mbili, yote ya kweli. Wa bata wamekubaliana uhamie ukurasa wa mwisho, chini yake pameandikwa: umetungwa na mkusanyaji.

Leo saa nne kitabu kimeingia rafuni. Nimekigusa mgongo mara tatu. Mtu wa kwanza kukiazima ni mke wangu, ambaye analala na mwandishi.

Nilikwenda kwa Karani kumshukuru. Maneno yalikwama, mimi mwenye misemo mia nane! Hatimaye nikasema nisamehe, ndugu yangu, na asante. Akasema yamekwisha, mwalimu, bata hasikii baridi tena, keti tunywe chai. Akanipa kikombe chake mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi
Sijalala vizuri hivi kwa miaka. Nina mke, nina rafiki, nina kitabu. Nimeapa: hila basi. Mtu awaamini watu wake.

Sasa, Karani ana daftari la misemo ya mahakimu. Limechakaa, halijapigwa chapa kwa kuwa yeye hupigia wengine tu, tena ni mpole mno, hawezi hata kuomba. Wema hulipwa kwa wema. Nitalichukua kesho atakapokwenda kwa binti yake, nikalitafutie mpiga chapa. Hatajua. Dirisha la jikoni kwake halina komeo.

Kabla ya kulikabidhi nitaingiza msemo mmoja wa uongo. Wapiga chapa hawaaminiki.

Sakafu yake hupiga kelele. Viatu nitaviacha nje, niingie na soksi.