Hotuba ya Kuzindua Darasa la Nomino za Kiingereza, Nje Kidogo ya Segese

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Jilala. Mke wa Mheshimiwa Mwenyekiti. Waheshimiwa wajumbe mliofika na waheshimiwa mliotuma udhuru. Viongozi wa dini zote, pamoja na wale wa mila waliokaa pembeni wakidhani hatujawaona. Wafugaji, wakulima wa mpunga, wachimbaji na wenye makarasha ya kusaga mawe. Mpiga picha wetu Boaz kutoka Kahama. Mabibi na mabwana, itifaki naomba ijizingatie yenyewe. Mwangaluka.

(Wananchi: Mwangaluka.)

Kwa jina naitwa Daktari Mtarajiwa Sostenes Maganga, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Nomino kwa Kila Kaya. Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wanaonifahamu wanasema haujawahi kuonekana katika ukanda huu wote wa dhahabu, ili kuzindua jengo hili mnaloliona nyuma yangu, lenye madarasa manne, madirisha ya vioo, bati jekundu na maua mlangoni, jengo ambalo jana jioni mlipokuwa mnarudisha ng'ombe halikuwepo, na leo asubuhi mmeamka mkalikuta. Hiyo ndiyo kasi ninayoisemaga kila siku.

(Makofi. Upepo unavuma. Jengo linajikunja katikati, kisha linanyooka.)

Naomba tusivuke utepe, rangi bado ni mbichi.

Ndugu zangu, mtajiuliza, kwa nini nomino na kwa nini za Kiingereza. Ofisi yetu, kwa kushirikiana na mastekiholda wote, ilifanya utafiti shirikishi katika vijiwe vya bodaboda, na ikabainika kwamba asilimia tisini na saba nukta nne ya wananchi wa eneo hili wanatumia nomino kila siku bila usimamizi wowote. (Miguno.) Mtu anaamka, anaita jembe, anaita mke, anaita ng'ombe, hana hata kibali. Mimi nikasema hapana, hali hii haiwezi kuendelea nikiwa hai.

Kwa hiyo nitoe elimu kidogo, ili hata mkifa leo mfe mnajua. Kuna nomino za pekee, ambazo Mwingereza anaziita propa nauni, na hizi zinaanza kwa herufi kubwa kwa sababu zina heshima zake: Kahama, Segese, Sostenes. Halafu kuna nomino za kawaida, komoni nauni, ambazo ni kama ninyi hapo mlipokaa: mkulima, mchimbaji, mama lishe. Msijisikie vibaya, hata mimi nilianzia huko. Zipo nomino za jamii, ambapo kitu kingi kinapewa jina moja kikatulia. Ukiwa na ng'ombe wengi Mwingereza hahangaiki, anasema "herd" na kuendelea na chai yake. Zipo zisizohesabika, kama dhahabu na mchele. Dhahabu unaipima, huihesabu moja, mbili, tatu, na ndiyo maana mtu akikwambia kwa Kiingereza ana "three golds" usifanye naye biashara, huyo ni tapeli au hakuhudhuria mradi wangu. Na zipo dhahania, abstrakti nauni, vitu ambavyo huvishiki wala huvioni lakini vinakukosesha usingizi: njaa, wivu, matumaini.

(Mbuzi wa Mzee Jilala anaingia chini ya jengo na kutokea upande wa pili akitafuna ua la mlangoni. Vicheko.)

Mnacheka. Huyo mbuzi ameonyesha kwamba jengo letu ni jumuishi, halibagui. Mzee Jilala, hongera kwa mbuzi mwenye mwamko.

Niwape ushuhuda. Yupo hapa binti anaitwa Loveness, simama binti yangu wakuone. (Loveness anasimama. Hatabasamu.) Huyu alimaliza kidato cha nne, Kiingereza kikamwangusha, akaenda Nyarugusu kuosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo. Nilipokuja hapa kuhamasisha, nikatangaza kwa kipaza sauti kwamba darasa linakuja, vitabu vinakuja, habari zikamfikia binti huko, akaacha kazi akarudi nyumbani kurudia mtihani, ili aende chuo cha uuguzi. Hiyo ndugu zangu ndiyo inaitwa impakti. Makofi kwake, halafu makofi zaidi kwangu.

(Makofi machache. Loveness: "Shikamoo baba.")

Marahaba, mwanangu.

(Loveness: "Mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Mwalimu Eufrasia alikuwa anatufundisha kwenye kibaraza cha karasha, mwenye karasha amekichukua, kajaza viroba vya mawe. Hatuna pa kukaa wala ubao wa kuandikia. Humo ndani tunaingia lini?")

Swali zuri sana, na Kiingereza chake ni "good question". Suala la kuingia liko kwenye awamu ya pili ya mchakato. Awamu ya kwanza ni ya kuliona jengo, na ninyi nyote mmeliona, hakuna atakayesema hakuliona. Kuingia kunahitaji tathmini, halafu tathmini ya ile tathmini, ndipo...

(Loveness: "Baba, niliacha kazi kwa sababu ya maneno yako. Nimeumia.")

Pole sana. Uumie kidogo kidogo, serikali ya kijiji ipo. Mwalimu Eufrasia, hebu mkalishe mwanafunzi wako. (Mwalimu Eufrasia amekunja mikono, hamkalishi.) Basi abaki amesimama, ni mkakamavu.

Kwa kuwa muda hauko upande wetu, nihitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema Nomino, ninyi mseme Kila Kaya. Nomino.

(Mbuzi analia.)

Ahsante. Kipekee nimshukuru Boaz, mpiga picha, aliyezoea kuwapiga watu picha mnadani mbele ya kitambaa chenye ndege na maghorofa, na ambaye safari hii amejipita mwenyewe, amelichapisha jengo hili lote kwenye turubai moja bila kiungo. Nawashukuru waliochimba mashimo ya nguzo. Sasa naomba vijana wanne wenye nguvu waje kunisaidia kulifungua na kulikunja taratibu, wasivunje madirisha, kwa sababu saa nane mchana linatakiwa Nyarugusu, ambako nalizindua kama zahanati.

(Vijana wanne wanainuka, wanafungua kamba. Mzee Jilala anawaambia kitu kwa Kisukuma. Wanaligeuza jengo, upande mweupe unatazama watu, wanalifunga tena kwenye nguzo zilezile, na safari hii wanakaza mafundo.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, nadhani hatujaelewana. Nilisema kukunja.

(Mwalimu Eufrasia anakwenda kwa mama lishe, anaokota kipande cha mkaa, anavuka utepe.)

Mwalimu, rangi ni mb... Mwalimu, hiyo ni mali ya mradi. Mwalimu, unaandika nini hapo? "Nouns." Ndiyo, nimeona, umeandika vizuri, lakini huku nyuma yake kuna zahanati ya watu.

(Loveness anakaa chini mbele kabisa na kufungua daftari. Wengine wanamfuata. Mzee Jilala anavuta kiti cha mgeni rasmi, kilichokuwa wazi, anakaa na yeye.)

Ndugu wananchi, bado nahutubia. Boaz, fanya kitu basi. Boaz, nimesema ufanye kitu, sikusema uwapige picha.

(Mwalimu Eufrasia, bila kugeuka: "Mheshimiwa, kama unabaki, kaa. Unawaziba walio nyuma.")

Basi niishie hapo. Wabeja sana kwa kunisikiliza. Dereva, wapigie Nyarugusu, waambie wasikate utepe, jengo lao liko darasani.