Zulia la Tabora

4 Oktoba 1971, Jumatatu

Siku ya kumi na mbili bila Theodora. Chai nimepika mwenyewe. Chungu, na kosa si la majani. Kanga yake ya bluu bado iko kwenye msumari. Nimeipita mara nne leo bila kuigusa. Mara ya tano nimeigusa.

Niandike sababu ya kuondoka kwake, nikizeeka nisije nikaibadilisha. Niliwaambia akina mama wa kwaya kwamba kwetu kuna zulia la maua, nimelileta kutoka Tabora. Zulia lipo, ila nimelinunua sokoni hapahapa. La katani, rangi ya vumbi la Itigi, halina hata jani. Nani alijua watakuja? Walikuja saba. Wakavua viatu mlangoni! Mama Yustina akauliza maua yako wapi. Nikamwambia yako upande wa chini. Wakaligeuza. Chini kulikuwa na mende mmoja, naye akakimbia kwa aibu.

Theodora hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Alifunga sanduku lake, akasema anakwenda kwa baba yake Mgori, na atarudi siku nitakayomwambia neno moja la kweli.

Nimelifikiri sana jambo hili. Neno la kweli ninalo: zulia letu lina maua. Kilichobaki ni kuyaweka maua.

6 Oktoba, Jumatano

Kazi yangu stesheni ni kuandika magunia. Una bati lililokatwa herufi, unalilaza juu ya gunia, unapiga brashi ya rangi, ukiliinua jina la kituo limebaki. Miaka tisa naandika majina ya miji nisiyoijua. Bati likiweza kuandika MWANZA, litashindwaje na ua?

Nimepasua debe la zamani la mafuta ya taa. Nikachora ua la petali tano, na duara katikati, na kitovu ndani ya duara. Nikakata kwa uangalifu mkubwa. Kitovu kikaanguka chini. Nikakata jingine. Kikaanguka tena! Nikakaa nikiangalia bati la stesheni kwa nusu saa. Kumbe ile O ya DODOMA ina vishikizo viwili vidogo, juu na chini, vinavyoshikilia sehemu ya ndani isidondoke. Miaka tisa naipaka, sijawahi kuviona.

Theodora angeviona siku ya kwanza. Ana jicho hilo. Ndilo tatizo letu.

9 Oktoba, Jumamosi

Nimepaka maua manne. Rangi nyekundu ile ya mabehewa, iliyobaki chini ya kopo. Katani imeinywa kama mlevi. Maua yametawanyika, yakawa kama mbuzi amechinjiwa sebuleni.

Antipasi akapita. Huyu ni balozi wetu wa nyumba kumi, na ni mtu aliyepeleka posa kwa Mzee Alute, baba yake Theodora, wiki mbili kabla yangu. Hajasahau. Mimi pia sijasahau, ila mimi nakumbuka kwa furaha. Akachungulia dirishani, akauliza kwa sauti ya mkutano kama zulia la maua si dalili ya ubepari. Nikamjibu ni maua ya pamba, zao la taifa. Akasema pamba haina ua jekundu namna hiyo. Nikamwambia hilo ni la mbegu mpya. Akasema, “Haya, ndugu Fabiano. Theodora akirudi umsalimie. Akirudi.” Lile neno la mwisho alilisema mara mbili, na mara zote mbili alitabasamu.

Nimeyasugua maua kwa mchanga. Yametoka kidogo. Mikono yangu haijatakata kabisa. Ni myekundu hadi kwenye vifundo.

12 Oktoba, Jumanne

Nimepata dawa! Mzee Simeoni, anayeuza asali pale stesheni, kaniambia hakuna kitu kinachoshika kama nta. Nimeyeyusha nta, nikachanganya na rangi. Nyusi ya kushoto imeungua. Bei ndogo. Rangi sasa inakaa pale unapoiweka, haitembei. Maua ishirini na manne, safu kwa safu, kila kitovu mahali pake. Nimeyatazama hadi nikasahau kula. Nyumba yote inanukia asali, kama Theodora anaporudi kutoka kwao.

Barua imefika. Atakuja Jumapili na baba yake. Ameandika hivi: “Nitakuuliza swali moja tu.” Hakuna salamu. Lakini chini ya jina lake karatasi ina doa la mafuta ya mkono. Nimeinusa barua mbele ya karani mwenzangu Marko. Akauliza kama nina mafua.

14 Oktoba, Alhamisi

Antipasi anapita kila saa. Zulia lazima lifichwe, na lazima likauke. Nimelikunja likawa bomba, nimefunga ncha zote mbili kwa vipande vya gunia vumbi lisiingie, nikaacha tundu dogo la hewa, nikalining'iniza kwenye tawi la mgunga nyuma ya choo. Ni akili tupu. Nimejipongeza kwa vipande viwili vya muhogo.

Kila treni inayotoka Manyoni naisimamia kana kwamba mimi ndiye bwana stesheni. Leo ameshuka mwanamke mwenye shingo kama yake. Nimembebea mzigo hadi sokoni kabla ya kukubali kwamba si yeye.

17 Oktoba, Jumapili

Wamefika. Moyo uligonga hadi nikasahau shikamoo. Mzee Alute akasimama akiisubiri, nikaikumbuka, akaipokea. Theodora amevaa gauni la kijani. Sanduku kaliweka nje ya mlango, hakuliingiza. Lakini kalileta! Mtu asiyebaki haji na sanduku.

Nikawaambia wasubiri, nina kitu chao. Nikaenda nyuma ya choo.

Bomba lilikuwa linaimba.

Naandika haya kwa jicho moja. Jingine limefungwa na nyuki. Niliposhika kamba, walitoka kupitia tundu lile la hewa kwa heshima, mmoja mmoja, halafu heshima ikaisha. Nilikimbia hadi kwa Antipasi. Nyuki walinifuata, kisha wakamwona Antipasi. Hilo sijutii.

Mzee Alute amerina asali msitu wa Mgori tangu utoto wake. Aliwasha majani, akafukiza moshi bila haraka, akauliza ni nani aliyenifundisha kutengeneza mzinga. Alisema warinaji wote hupaka mzinga mpya nta ndani, huziba ncha, huacha tundu, hutundika mtini, kisha huomba Mungu alete kundi. Yeye ana mizinga mitatu mwaka wa pili haijapata wapangaji. Mkwe wake kapata siku tatu, karibu na choo. “Una mkono, mwanangu,” alisema. Hajawahi kuniita mwanangu.

Kundi akalihamishia ndani ya debe. Likakunjuliwa zulia. Maua yamo! Katikati pana masega mawili meupe, madogo kama viganja vya mtoto. Theodora akacheka. Alijiziba mdomo kwa kiganja, akacheka hadi akakaa chini palepale, juu ya zulia, juu ya maua yangu. Siku ishirini na tano sijausikia mlio ule. Ningekubali kuumwa jicho la pili.

Kisha akajifuta macho. Akaniuliza zulia hili limetoka wapi.

Nikaona anaiangalia mikono yangu. Myekundu hadi kwenye vifundo. Sauti yake ilikuwa laini. Aliuliza kama mtu anayekushikia mlango. Mzee naye akageukia moshi wake, kutuachia nafasi.

Nikasema, “Tabora.”

Akainuka. Akaingia ndani, akachukua kanga kwenye msumari. Sanduku lilikuwa palepale nje, halikumchelewesha.

Kwenye treni ya jioni alikaa dirishani. Hakugeuza uso. Alinitazama, akingoja, hadi filimbi ikapigwa. Nikaona ni lazima niseme kitu. Nikapaza sauti kwamba pale dukani Tabora walibakiza zulia la kijani pia.

Mzee Alute ameondoka na zulia. Anasema nyuki hawaulizi limetoka wapi.

18 Oktoba, Jumatatu

Siku ya kwanza bila kanga. Msumari upo.

Mzee aliniachia neno kabla ya kupanda: binti yake atakuja tena Krismasi, na swali litakuwa lilelile. Kwa hiyo muda ninao. Nimekaa asubuhi yote nikitafuta kosa langu, na nimelipata. Zulia halikuwa na ushahidi.

Marko ana zulia tupu la katani, yuko tayari kulitoa. Debe jingine nimeshalipasua. Safari hii, kwenye kona, chini ya maua, nitapiga kwa herufi kubwa: TABORA. Hiyo O nitaiwekea vishikizo viwili imara, kitovu kisianguke.