Kijiti cha RAM na Kasha la Kioo

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamshwa na baridi ya Tunduma na dharau ya Jofrey, vyote kwa mpigo. Kapita dirishani kuniuliza kama kompyuta yangu bado inaganda. Inaganda, sikatai! Lakini inaganda kwa heshima, ikiwa ndani ya kasha. Ya kwake haina hata kifuniko, imekaa juu ya kreti la soda, nyaya nje kama utumbo wa mbuzi. Na mtu huyo naye anajiita mhariri wa video.

Kwaya ya usharika wetu imenipa kazi mimi, si yeye. Video ya wimbo mpya, uzinduzi Jumapili. Mama Atuganile, mwenyekiti wa kwaya, kauliza kama mashine yangu itaweza. Nikamwambia naiboresha wiki hii hii. Kanipa kianzio. Nikiharibu, kazi zote za kwaya zinahamia kwenye kreti. Haitatokea nikiwa hai.

Salum, mwenye duka la spea za kompyuta, kasema ninunue RAM ya kuzuia kuganda na diski ya kasi, basi, na chenji itabaki. Ushauri wa waoga. Nimenunua kasha la kioo lenye taa za rangi zote. Mteja huanza kuangalia, maswali baadaye.

Jumanne, 17 Juni

Nimevuka mpaka hadi Nakonde. Muuzaji mmoja, Edson, alikuwa na kadi ya video ya mtumba, kubwa kama tofali. Ndiyo inayochora picha ziende upesi. Nikamwambia natotela, asante ya kwao, nikaikumbatia hadi nyumbani. Imeingia kwenye kasha vizuri mno. Haiwaki! Inataka umeme mwingi kuliko pawasaplai yangu inavyoweza kutoa.

Nikavuka tena. Edson kasema upande wa Zambia ilikuwa inawaka, kwa hiyo ubovu umeanzia Tanzania. Nikalikumbatia tofali langu tena hadi nyumbani.

Jumatano, 18 Juni

Pawasaplai yenye nguvu ipo kwa Salum. Ilikuwa ya mtu mwenye banda la gemu huko Saza machimboni, imejaa vumbi jekundu. Kianzio kimekwisha. Nikapiga hesabu za watu wazima. Nina vijiti viwili vya RAM. Mtu mmoja, kompyuta moja, vijiti viwili vya nini? Nikampa Salum kimoja, akanipa pawasaplai. Kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia mimi si mtu wa kuulizwa mara mbili.

Imewaka! Nyekundu, kijani, zambarau! Jofrey kasimama dirishani hadi rangi zote zikapita. Furaha niliyoipata haielezeki. Kwamba sasa inaganda kuliko mwanzo si jambo la kuandika hapa.

Ijumaa, 20 Juni

Kadi inachemka. Kompyuta inaganda kila nikifika kwenye kiitikio. Akina mama wa soprano wameinua mikono kwenye skrini tangu jana, hawajaishusha.

Kisha nikapata wazo ambalo Jofrey hatalipata maishani. Kwetu Mbozi kahawa hukaushwa juu ya kichanja: waya chini, hewa inapita juu na chini. Nikapanda Kosta, kasha mapajani, skrini chini ya kiti, hadi kwa mama, Mlowo. Mama kanipa kona ya kichanja, kwa sharti kwamba nisimwage kahawa. Nikavuta umeme kutoka sebuleni. Upepo wa baridi, safi kabisa. Soprano wakashusha mikono! Nikaiamuru mashine itoe video nzima, nikaenda jikoni kula.

Mchana jua likatoka. Mama ni mkulima makini. Jua la mchana hupasua ganda la kahawa, hivyo kila siku saa sita hufunika kichanja kwa turubai. Nilikuta kafunika kila kitu, kabana kwa mawe pande zote, hata inzi asingepita. Harufu ya plastiki iliyoungua ilinifikia kabla sijafika.

"Jua lilikuwa kali, mwanangu," kasema mama. "Nikaona na hiki chako kisije kikapasuka."

Nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikasimama huko mpaka machozi yakaacha kusumbua.

Jumamosi, 21 Juni

Kadi imekufa. Video haipo. Taa ni nzima.

Mama Atuganile kaja mwenyewe. Nikamwashia rangi zote. Kaziangalia kwa adabu, hadi zambarau ikapita mara ya pili.

"Zabron, sisi tunazindua wimbo," kasema. "Hatuzindui taa."

Kachukua flashi yenye picha zote, kaenda nayo kwa Jofrey. Imeniuma. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 22 Juni

Naweza. Video ya Jofrey imeonyeshwa kanisani, haikuganda hata mara moja. Vigelegele! Nje, Jofrey kanisogelea kunishukuru. Eti Alhamisi alinunua kijiti cha RAM kwa Salum, na bila hicho asingemaliza.

Kijiti changu! Basi nusu ya video ile nimeihariri mimi. Nikamweleza hivyo Mama Atuganile mbele ya kwaya nzima, na kwamba kwa hesabu hiyo kianzio sirudishi. Wanaume wawili wa besi wakanisindikiza hadi getini. Kwa upole, lakini walinishika mikono yote miwili.

Sijashindwa. Nilipotoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Salum, nikampa kijiti cha pili, akanipa feni tatu zenye taa. Skrini sasa haionyeshi chochote, ila kasha linawaka hadi ng'ambo ya barabara. Jioni binti mmoja, Brenda, kasimama dirishani. Kasema hajawahi kuona kompyuta yenye nguvu namna hii. Kauliza kama nahariri video za harusi. Anaolewa Jumamosi.

Nimepokea kianzio. Kesho asubuhi navuka Nakonde, maana Edson ana kifaa cha kupoza kwa maji, nacho kina taa.