Tegu Wangu na Cheo cha Mpishi Mkuu

Jumatatu, 4 Machi
Nimeona vipande vyeupe chooni, bapa kama utepe. Kimoja kinatembea! Mke wangu amevitupia jicho mara moja, akasema ni tegu, na nimejitakia kwa kuonja nyama ya kusaga ikiwa mbichi. Nimemjibu kwamba mpishi hodari lazima ajue kama chumvi imekolea.

Balaa ni kwamba Ijumaa mwalimu mkuu anateua mpishi mkuu wa bweni. Bila cheti cha afya hupati. Mpinzani ni mmoja tu, mwenzangu wa jikoni. Mimi humwita Bi Mizani, maana hupima kila kitu, haonji.

Nimekwenda maabara. Vikopo vitatu, choo cha siku tatu, kwa kuwa mayai ya tegu hayaonekani kila siku. Siri wamenipa wenyewe! Nangoja siku safi, najaza vyote.

Jumanne, 5 Machi
Leo safi. Hakuna kipande hata kimoja. Nimejaza vyote na kuandika Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nimefika maabara nikipiga mluzi.

Mama wa maabara amevipanga mezani, akavaa miwani, akauliza mbele ya foleni nzima: "Baba, leo Jumanne. Hiki cha Alhamisi umekipata lini?"

Nikasema mimi hupenda kuwahi. Nyuma yangu mtu amecheka mpaka akapaliwa. Bi Mizani, na kikopo chake kimoja cha Jumanne!

Alhamisi, 7 Machi
Mayai yameonekana. Vikopo vyote vitatu. Daktari anasema tegu anaweza kutaga bila kukuonyesha kipande. Amenipima uzito, akanipa vidonge vya kumeza mara moja, basi. Nyama iive mpaka ndani. Nirudi kupimwa baada ya mwezi, tena baada ya miezi mitatu. Cheti baadaye.

Ijumaa, 8 Machi
Bi Mizani ndiye mpishi mkuu. Mimi namenya viazi. Ameniambia kwa upole, "Pona kwanza, kaka yangu. Viazi havina haraka."

Jumamosi, 9 Machi
Dawa kiboko! Tegu ametoka vipande vipande. Miezi mitatu ya nini, wakati ushahidi ninao? Nimemtia kwenye chupa, nimekaza kifuniko, nimebandika jina langu na maneno "Mpishi Mkuu". Jumatatu mwalimu mkuu ataikuta mezani, kando ya chai yake.

Chupa nimeichukua jikoni kwa Bi Mizani. Ilikuwa na iliki. Nitaisuuza, nitairudisha.